Daniel Gabriel Fahrenheit, Fundi wa Vipima Joto

1. Kiganja cha Mama

Mtoto akiugua, mama yake humwekea kiganja juu ya paji la uso apate kujua kama mwili wake una moto. Kiganja ni kipimo cha zamani sana, wala si kibaya, lakini kina upungufu. Mama aliyetoka kisimani, mikono yake ikiwa baridi, ataona kwamba mtoto ana moto mwingi. Na yule aliyetoka kupika mekoni ataona kwamba mtoto hana kitu. Tena kiganja hakiwezi kusema kama homa ya leo imezidi ile ya jana, wala hakiwezi kumpelekea habari daktari aliye mbali.

Kwa sababu hiyo katika kila hospitali na kila zahanati kipo chombo kidogo kiitwacho kipima joto. Mwuguzi hukiweka kwapani mwa mgonjwa, hungoja kidogo, kisha husoma hesabu na kuiandika. Kazi hiyo huonekana kuwa nyepesi, hata watu wengi hawafikiri kamwe jinsi chombo kile kilivyopatikana. Kumbe mtu mmoja alitumia maisha yake yote, na mali yake yote, ili hesabu ile iweze kuaminiwa. Jina lake ni Daniel Gabriel Fahrenheit.

Yeye hakuwa wa kwanza kutengeneza chombo cha kupimia joto. Zaidi ya miaka 80 kabla hajazaliwa, wataalamu wa Italia walianza kutengeneza mirija ya kioo ambayo ndani yake maji yalipanda na kushuka kwa kadiri ya joto. Mmoja wao, daktari Santorio wa mji wa Padua, alijaribu kuwapima wagonjwa wake kwa chombo cha namna hiyo. Baadaye, katika mji wa Florence, mafundi walitia mvinyo mkali ndani ya mrija na kuuziba juu, nacho chombo kikawa bora kuliko vile vya kwanza.

Lakini upungufu mmoja mkubwa ulibaki. Kila fundi aliandika alama zake kama alivyopenda mwenyewe. Joto ambalo kipimo cha fundi huyu kiliita 10, kipimo cha fundi yule kiliita 25. Ilikuwa kama soko ambalo kila mwuzaji ana pishi yake mwenyewe. Mtu hununua pishi mbili huku na pishi mbili kule, naye akifika nyumbani huona kwamba hazilingani. Basi daktari wa Italia hakuweza kumwandikia daktari wa Uingereza habari za joto la mgonjwa na kufahamiwa. Upungufu huo ndio aliouondoa Fahrenheit.

2. Msiba wa Siku Moja

Daniel Gabriel Fahrenheit alizaliwa tarehe 24 Mei, mwaka wa 1686, katika mji wa Danzig, ambao siku hizi huitwa Gdańsk, nao uko katika nchi ya Poland. Mji huo uko karibu na bahari, na tangu zamani ulikuwa mji wa biashara. Jamaa za Daniel walikuwa Wajerumani, na baba yake alikuwa mfanyi biashara mwenye mali. Daniel alikuwa mkubwa wa watoto watano.

Tarehe 14 Agosti, mwaka wa 1701, msiba mkubwa uliingia nyumbani mwao. Baba na mama walikufa siku ile ile moja. Inasemekana kwamba walikuwa wamekula uyoga wenye sumu. Daniel alikuwa na umri wa miaka 15. Asubuhi alikuwa na wazazi wawili. Jioni watoto wote watano walikuwa yatima.

Watu wakachaguliwa kuwa wasii, yaani kuushika urithi wa watoto na kuamua mambo yao. Wale wadogo wanne wakapelekwa kulelewa katika nyumba za watu wengine. Kwa habari ya Daniel, wasii waliona kwamba yafaa afuate kazi ya baba yake. Basi wakampeleka katika mji wa Amsterdam, katika nchi ya Uholanzi, akae kwa mfanyi biashara mmoja ajifunze kununua na kuuza na kuandika hesabu katika daftari.

Haifai kuwalaumu wasii hao. Walikuwa wameachiwa watoto watano wasio na wazazi, nao walitafuta njia ya kumpatia kijana chakula na heshima. Amsterdam siku zile ulikuwa mmoja wa miji iliyokuwa na mali nyingi sana duniani. Merikebu zake zilifika Bara Hindi na kisiwa cha Java, na kijana aliyejua hesabu za biashara hakukosa kazi.

3. Kijana Aliyetafutwa

Lakini moyo wa Daniel haukuwa katika daftari za biashara. Katika mji ule walikuwamo mafundi wa vyombo vya elimu: darubini, mizani, vyombo vya kupimia uzito wa hewa, na vipima joto. Daniel alipoviona vyombo hivyo alivutwa navyo. Akaanza kujifunza jinsi vinavyotengenezwa, na yapata mwaka wa 1706 alikuwa akitengeneza vipima joto vyake mwenyewe, vyenye mvinyo mkali ndani yake.

Alikaa kwa yule mfanyi biashara muda wa miaka minne. Baada ya hapo akaiacha kazi hiyo, akaenda zake, akisafiri katika Ujerumani, Sweden na Denmark ili kuwatafuta wataalamu na mafundi wenye kumfundisha.

Wasii walipopata habari hizo walikasirika sana. Kwa maoni yao kijana alikuwa ametupa kazi ya heshima kwa ajili ya kuchezea vioo. Wakaomba kwa wakubwa wa serikali akamatwe, na waraka wa kumkamata ukatolewa. Walikusudia atiwe katika kazi ya Kampuni ya Kiholanzi ya Mashariki ya Hindi, apelekwe mbali sana ng'ambo ya bahari. Vijana wengi waliopelekwa huko hawakurudi, kwani maradhi ya njiani na ya nchi zile yaliwaua wengi.

Basi Daniel alikuwa na umri wa kama miaka 20, hana baba wala mama, mali yake iko mikononi mwa watu wengine, na waraka wa kumkamata umetolewa. Wengi katika hali kama ile wangalirudi na kuomba radhi, au wangaliacha kazi ya kupima joto wakatafuta maficho. Yeye hakuiacha. Si kwamba kukataa shauri la wakubwa ni jambo jema. Yeye mwenyewe alilipa gharama yake kwa miaka mingi ya kuhangaika pasipo kwao. Lakini hakukimbia ili akae bure. Alikimbia kazi moja apate kufanya kazi nyingine iliyo ngumu zaidi, nayo aliifanya mpaka kufa kwake.

4. Mwalimu wa Copenhagen

Katika mwaka wa 1708 Fahrenheit alifika Copenhagen, mji mkuu wa Denmark. Huko aliishi mtaalamu mwenye sifa kuu, jina lake Ole Rømer. Huyu ndiye aliyeonyesha katika mwaka wa 1676, kwa kutazama miezi ya nyota iitwayo Mshtarii, kwamba mwanga hauji mara moja bali huchukua muda kusafiri. Siku zile Rømer alikuwa pia mkubwa wa mji, mwenye shughuli nyingi. Hata hivyo alimpokea yule kijana mgeni akamwonyesha jinsi anavyopima joto.

Rømer alikuwa ameona jambo kubwa. Ikiwa fundi ataandika alama zake kwa kukisia, vipimo havitalingana kamwe. Lakini yako mambo katika dunia ambayo joto lake halibadiliki. Barafu inayoyeyuka ndani ya maji, mahali po pote na siku yo yote, ina joto lile lile. Basi fundi akiweka chombo chake ndani ya barafu hiyo na kutia alama, kisha akakiweka katika kitu cha pili kilicho na joto lisilobadilika na kutia alama ya pili, anaweza kugawanya nafasi iliyo katikati kwa sehemu zilizo sawa. Fundi mwingine akifanya vile vile katika nchi nyingine, vyombo viwili vitasema neno moja.

Fahrenheit alilifahamu neno hilo akalichukua moyoni. Rømer alikufa katika mwaka wa 1710, lakini mafundisho yake hayakufa, kwa kuwa alikuwa amempata mwanafunzi.

5. Vipimo Viwili Vinavyosema Neno Moja

Fahrenheit alipotimiza umri wa mtu mzima, madaraka ya wasii yalikoma. Alirudi Danzig kwa ajili ya mambo ya urithi. Sasa angaliweza kufungua duka na kukaa raha. Badala yake alisafiri tena, akaendelea na majaribio, akajifunza pia kazi ya kupuliza kioo. Kazi hiyo ni ngumu. Kioo huyeyushwa katika moto mkali, nacho hupulizwa kingali laini. Fundi akikosea kidogo, mrija huwa mpana upande huu na mwembamba upande ule. Na katika mrija wa namna hiyo alama haziwezi kuwa za kweli.

Mwaka wa 1714 alimpelekea Christian Wolff, mwalimu mkuu katika chuo cha mji wa Halle huko Ujerumani, vipima joto viwili vya mvinyo. Wolff aliviweka pamoja akavijaribu. Akaona ajabu: vilikuwa vikipanda pamoja na kushuka pamoja, na hesabu zake zililingana karibu kabisa. Wolff alistaajabu hata akaandika habari hiyo katika gazeti la wataalamu. Leo mtu hawezi kustaajabu kwa sababu saa mbili zinasema wakati mmoja au rula mbili zina urefu mmoja. Lakini siku zile vipima joto viwili vinavyokubaliana vilikuwa kitu kisichoonekana.

Fahrenheit hakuridhika. Mvinyo una kasoro yake: huchemka kabla maji hayajachemka, kwa hiyo chombo cha mvinyo hakiwezi kupima joto la maji yanayochemka. Alifikiri juu ya zebaki, madini yale mazito yang'aayo kama fedha na kumwagika kama maji. Zebaki huongezeka kwa utaratibu ipatapo joto. Haichemki upesi, wala haigandi upesi. Lakini zebaki yenye uchafu hushikamana na kioo, na hapo haipandi vema. Fahrenheit alitafuta njia ya kuisafisha mpaka ikapanda na kushuka katika mrija mwembamba pasipo kushika. Tena kile kichupa cha chini, ambacho wengine walikifanya cha mviringo kama chungwa, yeye alikifanya kirefu kama kidole, ili joto liingie upesi.

Hivyo alipata kipima joto cha zebaki kilicho kidogo, chepesi kusomeka, na chenye kuaminika kuliko vyote vilivyokuwa kabla yake.

6. Digrii za Fahrenheit

Katika mwaka wa 1717 Fahrenheit alikaa Amsterdam, mji ule ule alioukimbia. Sasa hakuwa kijana wa kuandika daftari za tajiri, bali fundi mwenye kazi yake. Aliuza vipima joto na vyombo vya kupimia uzito wa hewa, na tangu mwaka wa 1718 alifundisha watu elimu ya vitu vya asili.

Alama zake alizipanga hivi. Kwanza alichanganya barafu na maji na chumvi ya namna fulani. Mchanganyiko huo huwa baridi kupita barafu yenyewe, na hapo aliandika 0. Pili, aliweka chombo katika barafu na maji pasipo chumvi, akaandika 32. Tatu, alikiweka kinywani au kwapani mwa mtu mwenye afya mpaka kilipopata joto la mwili, akaandika 96. Hesabu hizi zaweza kuonekana ngeni, lakini zilikuwa na manufaa kwa fundi. Toka 32 mpaka 96 ni sehemu 64, na 64 hugawanyika nusu kwa nusu mara sita mpaka kubaki moja. Fundi mwenye bikari anaweza kuigawanya nafasi hiyo pasipo kukosea.

Basi joto la mwili wa mwanadamu lilikuwa mojawapo ya alama tatu za kipimo chake. Yeye hakuwa daktari, lakini tangu mwanzo kipimo chake kilikuwa kimepita kwapani mwa mtu.

Alitumia vyombo vyake kutafuta mambo mengine. Aliona kwamba maji huchemka katika digrii 212, na kwamba joto hilo hubadilika kidogo kwa kadiri ya uzito wa hewa. Katika mwaka wa 1721 aliyaacha maji safi katika kichupa cha kioo wakati wa baridi kali, akaona kwamba yamepoa kupita kiasi cha kuganda, nayo bado ni maji. Siku moja alikuwa amechukua kichupa cha namna hiyo, akajikwaa. Kwa mtikisiko ule mdogo maji yakajaa barafu mara moja. Mtu mwingine angalisikitikia kujikwaa kwake. Fahrenheit alitazama, akafikiri, akaandika.

Katika mwaka wa 1724 alichaguliwa kuwa mmoja wa Royal Society, chama kikuu cha wataalamu huko London, na maandiko yake matano yakapigwa chapa katika gazeti la chama hicho. Mtu yule aliyetafutwa kwa waraka sasa alihesabiwa pamoja na wataalamu wakubwa wa Ulaya, ijapokuwa hakuwahi kupata cheti cha chuo kikuu cho chote.

7. Fundi Asiyeficha Kosa

Mmoja wa watu walionunua vyombo vya Fahrenheit alikuwa Herman Boerhaave wa mji wa Leiden. Huyu alikuwa daktari mwenye sifa kuliko wote wa Ulaya katika siku zake, na wanafunzi walimjia kutoka nchi nyingi. Fahrenheit alimtengenezea vipima joto viwili, kimoja cha mvinyo na kimoja cha zebaki. Boerhaave alipovitumia aliona kwamba havikulingana sawasawa.

Hilo lilikuwa jambo la kumwogofya fundi. Sifa yake yote ilisimama juu ya neno moja tu, kwamba vyombo vyake hulingana. Na sasa mteja mkubwa kuliko wote ameona kwamba viwili havilingani. Angaliweza kusema kwamba daktari amesoma vibaya. Fahrenheit hakufanya hivyo. Alikubali kwamba tofauti ipo, akatafuta sababu yake, akaeleza kwamba vioo vya vyombo vile viwili havikuwa vya namna moja; kila namna ya kioo huongezeka kwa kadiri yake ipatapo joto, na hilo huharibu hesabu. Kwa hiyo kosa lenyewe likawa elimu mpya, na Boerhaave hakuacha kumwamini.

8. Mwisho Wake

Ijapokuwa alikuwa na sifa, Fahrenheit hakuwa tajiri. Hakuoa. Fedha alizopata zilirudi katika kazi yake. Katika miaka yake ya mwisho alikuwa akibuni mashine ya kuondoa maji katika mashamba, kwani sehemu kubwa ya Uholanzi iko chini kuliko bahari, na watu wake hawana budi kuyatoa maji daima.

Katika mwaka wa 1736 alikwenda mji wa Hague kuomba hati ya serikali kwa ajili ya mashine hiyo. Huko akashikwa na ugonjwa, akafa tarehe 16 Septemba, mwaka wa 1736, akiwa na umri wa miaka 50. Alizikwa katika mji ule kwa maziko ya watu wasio na mali.

9. Chombo Chafika Kitandani pa Mgonjwa

Baada ya kufa kwake wataalamu walizishika alama mbili, 32 ya barafu na 212 ya maji yanayochemka, wakasahihisha nyingine kwa hizo. Mwaka wa 1742 Anders Celsius wa Sweden alipanga kipimo kingine chenye sehemu 100 kati ya barafu na maji yanayochemka, nacho ndicho kitumikacho katika nchi nyingi leo. Kipimo cha Fahrenheit hutumika hasa Marekani.

Wanafunzi wa Boerhaave walianza kuwapima wagonjwa, lakini madaktari wengi hawakuwafuata kwa zaidi ya miaka 100. Kisha Carl Wunderlich, daktari wa Leipzig huko Ujerumani, alipima wagonjwa kama 25,000, na katika mwaka wa 1868 akatoa kitabu juu ya joto la mwili katika magonjwa. Alionyesha kwamba joto la mtu mwenye afya ni karibu na digrii 37 za Celsius, na kwamba kila ugonjwa una njia yake ya kupandisha na kushusha homa. Lakini kipima joto cha siku zile kilikuwa kirefu, nacho kilikaa kwapani kama dakika 20. Ndipo Thomas Clifford Allbutt, daktari wa mji wa Leeds huko Uingereza, alipobuni kipya cha inchi 6 tu, kilichotoa jibu kwa dakika 5. Habari zake zilijulikana katika mwaka wa 1867, na tangu hapo daktari aliweza kukitia mfukoni.

Hata zebaki ya Fahrenheit imepata mwisho wake hospitalini. Watu walitambua kwamba zebaki ni sumu, na katika mapatano ya Minamata ya mwaka wa 2013 mataifa mengi yaliahidi kuacha kutengeneza na kuuza kati yao vipima joto vya namna hiyo baada ya mwaka wa 2020. Kikivunjika kimoja kilichosalia nyumbani, watoto waondoke, madirisha yafunguliwe, wala zebaki isiguswe kwa mkono wala kufagiwa kwa ufagio. Siku hizi hutumika zaidi vipima joto vya betri, na vingine hupima paji la uso pasipo kugusa.

Lakini mtu anayechagua kipima joto, awe mwuguzi au mzazi, bado huuliza swali lile lile la Fahrenheit: je, hiki chasema kweli? Hukipima pamoja na kingine kinachoaminika, aone kama vinalingana. Huangalia kama hesabu zake zasomeka vema, kama betri yake haijachoka, na kama chaweza kusafishwa. Kile cha kupima paji la uso hudanganyika mtoto akiwa ametoka juani au ana jasho. Kile cha kwapani hudanganyika kikitolewa kabla ya wakati. Mtoto anapopimwa kwapani katika zahanati, digrii 37.5 za Celsius au zaidi huhesabiwa kuwa ni homa. Tofauti ya nusu digrii yaweza kumfanya mwuguzi ampime mtoto malaria au amrudishe nyumbani. Hapo huonekana kwa nini ilimpasa fundi yule kuhangaikia alama ndogo ndogo juu ya kioo.

Wahenga husema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Fahrenheit aliinama miaka mingi juu ya moto wa kupulizia kioo. Hakuacha nyumba wala watoto, lakini mtoto akiugua usiku, na mwuguzi akasoma hesabu na kuiamini, kazi ya yatima yule wa Danzig ingali ikiendelea.

MASWALI

1. Kwa nini kiganja hakitoshi kupimia homa?
2. Kabla ya Fahrenheit, vipima joto vilikuwa na upungufu gani mkubwa?
3. Wasii wa Daniel walitaka afanye kazi gani? Je, unaona walikuwa na haki? Toa sababu.
4. Fahrenheit alijifunza nini kwa Rømer?
5. Zebaki ilikuwa bora kuliko mvinyo kwa sababu gani? Kwa nini imeachwa siku hizi?
6. Fahrenheit alifanya nini Boerhaave alipoona kosa? Wewe ungalifanya nini?
7. Eleza jinsi utakavyojaribu kipima joto kabla ya kukiamini.